Walisimama Kumsalimu Mwalimu

Haya aliniambia Eustakia, mwalimu mwenzangu wa Kanazi, na yeye si mtu wa kutunga mambo.

Mwaka tisini na tano alikwenda semina Ngara kujifunza kufundishia kwa redio kaseti. Walikutana kwenye darasa ambamo mwaka uliotangulia walilala wakimbizi. Madawati yote yalikuwa yametolewa nje. Wenzake walipokwenda kula, alibaki peke yake kuijaribu redio, maana zamu yake ya kuonyesha ilikuwa inafuata. Mvua ilipiga bati, madirisha yamefungwa, giza. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akasema kwa mazoea, "Hamjambo watoto?"

Mwezeshaji wao, Mwalimu Ansbert, aliporudi wakaisikiliza kanda pamoja. Mvua. Sauti ya Eustakia. Kisha madawati yakaburutwa, darasa zima likasimama: "Hatujambo! Shikamoo mwalimu!"

"Hawa uliwaingiza saa ngapi?" Ansbert akauliza.

Eustakia aliinamia redio. Alikuwa anasubiri kuwasikia watoto wakikaa, lakini ilisikika mvua tu mpaka kanda ikaisha. Ndipo akakumbuka kwamba watoto hawakai mpaka mwalimu aitikie. Akazima redio, akasema kwa sauti ndogo, "Marahaba. Kaeni."

Nyuma yao, kwenye sakafu tupu, madawati yakaburutwa tena.