Nilitafsiri Vibaya Mikono ya Masika

Jina langu ni Kahindo. Nina miaka arobaini na sita, ninakaa Butembo. Ndugu wasomaji, haya hata bwana yangu hayajui yote...

Wakati wa vita nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja. Jirani yetu Masika, fundi wa kushona, alizaliwa kiziwi. Ni yeye aliyenifundisha lugha ya ishara, nikiwa nimekaa kando ya mashine yake. Nilishika haraka! Viziwi wengine wakaanza kuniita niwasindikize kwa waganga wa hospitali. Watu wakanisifu. Nikajiona mtu mkubwa...

Masika akaolewa Beni. Mapigano yalipofika kule, alikimbia kwa miguu kupitia porini, akiwa na mimba ya miezi sita. Njiani walipotezana na bwana yake. Kisiki kikamchoma mguu, na alipofika kwetu mguu ulikuwa umevimba, unatoa usaha.

Nikampeleka kwenye kituo cha afya. Asubuhi ile watu walisema askari wanakuja kutoka upande wa Kirumba. Wagonjwa walijaa barazani, kila mtu ametega sikio barabarani. Mimi pia nilitaka tumalize, nikimbie nyumbani.

Muganga aliangalia kidonda, akasema, "Muulize, iko na allergie ya pénicilline?"

Allergie! Pénicilline nilijua ni sindano, mais lile neno lingine sikulijua. Kumuuliza muganga maana yake kungenigharimu nini? Lakini watu walikuwa wananitazama. Niliona haya! Nikamuuliza Masika kwa ishara kama alishawahi kuchomwa sindano.

Macho yake yakashtuka. Akaonyesha Beni. Akagusa mkono kwa juu, mahali pa sindano. Kisha akajaza mashavu, akazungusha viganja usoni, akashika koo kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kwa nguvu.

Nami nilifikiri nini? Nilifikiri askari! Nilidhani ananisimulia walivyompiga na kumkaba. Wakimbizi wangapi walikuwa wametuletea habari kama hizo?

"Anasema nini?"

"Hapana kitu, docta. Anasema tu mambo ya vita. Sindano anakubali."

Masika alipoona sindano inajazwa, akarudia ishara zile zile, haraka haraka. Nikamwambia atulie. Mikono yake haikutulia, donc nikaishika. Mimi, wasomaji! Niliishika mpaka dawa ikaisha ndani ya sindano...

Mara midomo yake ikavimba. Vipele vikatoka shingoni. Pumzi ikaanza kulia kama filimbi, akaanguka.

"Hii dawa ilishaka kumukatala!" muganga akapiga kelele. "Juu ya nini haukuniambia?" Kumbe hiyo ndiyo allergie, na ndiyo Masika alikuwa ananionyesha: sindano ya Beni ilimvimbisha uso, ikamkaba koo.

Akamchoma dawa nyingine, akamwinua miguu. Nje watu walianza kukimbia, kumbe askari wamefika kweli. Hakuna aliyetuangalia tena. Nilipiga magoti kwenye sementi, nikiomba Mungu anichukue mimi.

Masika alipona. Mtoto wa tumboni hakupona...

Siku ya tatu nilienda kumwona kwa mama yake. Nikainua mikono nimwombe msamaha. Aliniangalia kidogo, akafumba macho. Nikamgusa bega. Hakuyafumbua. Mtu asiyesikia akifumba macho, utamwambia nini?

Mama yake akanishika mkono. "Kahindo, mwana wangu, rudia kwenu. Na kesho usikuje."

Vita vilipotulia Masika alihamia Vuhovi. Nilimtumia ujumbe mara tatu, kwa watu tofauti. Hakuna neno lililorudi mpaka leo.

Baadaye nilikaa miezi mingi na waganga, nikijifunza dawa na madhara yake, na kuuliza viziwi wanavyoonyesha kila dawa. Nilichelewa!

Ninyi mnaosindikiza viziwi hospitalini, ninawasihi. Neno msilolijua, ulizeni, hata baraza zima likiwacheka. Ishara msiyoielewa, mwombeni mgonjwa airudie, mara mbili, mara kumi. Na kama bado hamjaelewa, mwambieni muganga aweke sindano chini!