Barafu Haichemshwi

"Mshikeni huyo msichana! Asitoke!"

Sauti ilikuwa ya Awoi, mama mdogo wa mchumba wangu. Msichana alikuwa mimi.

Sakafuni, kando ya kitanda, alilala mwanamke niliyetarajia kumwita mama mkwe. Alikuwa ametapika tangu alfajiri. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na kila alipojaribu kuketi alirudi chini kama nguo iliyolowa.

"Umempa dada yangu nini? Sema! Umeweka nini kwa hiyo kahawa?"

Nilimtazama Etabo, mchumba wangu.

Etabo alikuwa akitazama ukuta...

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia kwenye maoni kuandika kwamba wanaume ni mbwa, tulia. Mbwa hajawahi kusema uongo kuhusu barafu.

Naitwa Spéciose. Mimi ni Mrundi, nimelelewa Kakuma, na ninafundisha watoto kusoma katika shule ya kambi ya wakimbizi. Siamini ndoto, siamini nyota, wala siamini shuhuda za mitandaoni. Hata huu wangu, usome kwa tahadhari.

Nilikuja Lodwar kwa kibali cha siku chache ili nionyeshwe kwa Mama Namuria, mama yake Etabo. Kwa kuwa mtu haendi ukweni mikono mitupu, nilibeba kitu ambacho Kakuma nzima hunisifia: kahawa ya povu.

Si kazi ngumu. Ni kazi ya kuchosha. Unachukua kahawa ya unga ya kopo, sukari na maji moto, vyote kwa kipimo kimoja, kisha unapiga kwa uma mpaka mkono ukusahau. Wino mweusi hugeuka povu la rangi ya udongo wa mvua. Ukigeuza kijiko na povu lisianguke, umefika. Unalilaza juu ya maziwa baridi yenye barafu.

Katika joto la Lodwar, barafu ndiyo kinywaji chenyewe. Mengine ni mapambo.

Nilipiga ile kahawa mpaka jasho likanidondoka. Mama Namuria akanitazama kwa huruma isiyo na heshima.

"Lete. Mkono yako itavunjika bure."

"Bado kidogo, mama."

"Hii si kazi ya uma. Hii ni kazi ya maziwa."

Akamimina kila kitu ndani ya kibuyu chake cha maziwa, akakifunga, akakiweka mapajani na kuanza kukisukasuka, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama anavyofanya akitafuta siagi. Alipokifungua, povu lilikuwa zito na lenye harufu nyepesi ya moshi. Sijaonja povu bora kuliko lile, na mimi si mtu wa kusifu.

Tukatazamana. Hakucheka, nami sikucheka. Tulielewana.

Hapo Etabo akaingia mbio, mfuko wa plastiki ukitiririka maji mkononi.

"Spé! Barafu hii hapa! Freshi kabisa!"

"Imetoka wapi?"

"Dukani, bebi. Leta glasi kabla haijaisha!"

Stima ilikuwa imepotea mjini tangu jana yake. Hilo nililijua. Lakini niliuliza swali moja tu, na shaka iliyo kamili huuliza mawili.

Barafu ilitosha glasi mbili. Ya Mama Namuria na ya Etabo. Awoi alikataa yake.

"Mimi sinywi kitu iko na ndevu."

Mimi nilikunywa povu lilelile juu ya maziwa yaleyale, yenye uvuguvugu, bila barafu. Msichana anayetaka kuwa mke hajipimii barafu mbele ya mama mkwe.

Mama Namuria alikunywa polepole. Katikati ya glasi alisimama. Akaingiza kidole mdomoni, akatoa kitu, akakifuta kwenye pindo la shuka lake. Nilidhani ni chembe ya kahawa. Alimtazama mwanawe kidogo...

Kisha akaimaliza glasi.

"Tamu," akasema. "Tamu sana, binti yangu."

Niliosha glasi zote jioni ileile, kama bibi harusi mwema. Hivyo ndivyo nilivyoufuta ushahidi wangu mwenyewe.

Asubuhi yake, ndugu msomaji, nikawa mwuaji.

"Kwa nini wewe huumwi?" Awoi alinisogelea mpaka nikahisi pumzi yake.

"Kwa sababu glasi yangu haikuwa na barafu."

"Aaa! Kwa hivyo ulijua!"

"Sikujua. Ilikuwa adabu."

"Adabu gani ya kuua watu?"

Nilijaribu kutumia akili, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu aliyezingirwa.

"Mama mdogo, maji ya kahawa niliyachemsha. Maziwa yalichemka mbele yako. Povu tulikunywa sote watatu. Tofauti ni barafu peke yake, na barafu haichemshwi. Etabo... uliitoa wapi?"

Etabo akainama kumfuta mama yake midomo.

"Spé, hii si saa ya maswali. Mama anaumia!"

"Uliitoa wapi, Etabo?"

"Si nilikwambia? Dukani."

"Duka gani lilikuwa na barafu bila stima?"

"Mnaona?" Awoi akapiga makofi. "Sasa anamrukia kijana! Kijana mwenye ametapika kama mamake!"

Ni kweli, Etabo alikuwa ametapika. Mara moja, kisha akapona. Kutapika kwake kukawa kiapo. Afya yangu ikawa kosa.

Hospitalini, daktari alimtundikia Mama Namuria maji na kusema waziwazi:

"Si sumu. Ni vijidudu vya tumbo. Alikunywa kitu kichafu ambacho hakikuchemshwa."

Nilivuta pumzi. Pumzi moja tu.

"Vijidudu?" Awoi akanigeukia. "Nyinyi huko kambini si ndio mko na kipindupindu?"

Watu wa kwenye benchi wakasogea kando. Mama mmoja akamwinua mtoto wake aliyekuwa ameketi karibu nami, akampakata upande wa pili.

Ningewajibu nini? Kwamba nimenawa? Mtu husafisha mikono. Hasafishi mahali alikotoka machoni pa watu.

Etabo alinivuta nje.

"We enda Kakuma kwanza. Mambo itulie. Awoi anasema ataita polisi wakague kibali yako."

"Kibali changu ni halali."

"Najua. Lakini unajua vile iko..."

"Najua. Niambie tu, barafu ilitoka wapi?"

Alitazama viatu vyake. Walau safari hii hakutazama ukuta.

Niliomba kumuaga mama. Awoi alisimama mlangoni kama komeo, lakini Mama Namuria akamwashiria kwa kidevu atoke. Tukabaki wawili.

Akalifungua pindo la shuka lake.

Ndani mlikuwa na gamba la samaki. Kavu, jembamba, lenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

"Hii ilikuwa kwa glasi yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Kijana yangu iko na rafiki. Yule wa pikapu ya samaki ya kutoka ziwa, Kalokol. Barafu ni ya hizo samaki."

"Ulijua, mama?"

"Mdomo yangu ilijua."

"Na ukaendelea kunywa?"

"Ningetema, wewe ungeaibika. Ningeuliza, yeye angeaibika."

Nikaketi.

"Basi waambie sasa. Mwite Awoi. Mwonyeshe."

Nje, Awoi alikuwa akimsimulia mtu mwingine habari za kambi.

"Wakijua yeye ndiye aliniangusha," akasema, "wataimba hiyo maneno mpaka azeeke. Wewe ni msichana mzuri. Utapata bwana ingine. Mimi niko na kijana moja."

Akalikunja pindo.

Ningeweza kulinyakua lile gamba. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa mrija wa maji, wa pili ulikuwa dhaifu kuliko wa mtoto. Mlango ulikuwa hatua chache. Wasomaji wenye hasira mtaniuliza kwa nini sikufanya hivyo.

Mikono ile ndiyo iliyonipokonya uma.

"Ejok," akasema. Ni salamu ya huku, nayo maana yake ni kwamba mambo ni mema.

"Ejok," nikamjibu. Tulidanganyana kwa adabu mpaka mwisho.

Sasa niko Kakuma. Kahawa bado naipiga, kwa uma, juu ya maziwa niliyoyachemsha na kuyapoza kwenye sufuria iliyozungukwa na kitambaa chenye maji. Haina barafu. Povu husimama vilevile. Dada yangu Godelieve huniuliza kama bado nalia.

Sijawahi kulia. Ningelia, ningekuwa na jambo la kufanya.

Funzo, kwa kuwa mnalisubiri: ukienda ukweni, chemsha kila kinachochemka. Kisichochemka, uliza kimetoka wapi, uliza mara mbili, uliza mbele ya watu. Wala usijidanganye kwamba ukweli unahitaji shahidi tu. Wangu ulikuwa na mashahidi wawili. Bahati mbaya ni kwamba wao walipendana kabla hawajanijua.

Jana Etabo aliniandikia:

"Mama amepona kabisa. Mungu ni mwema. Rudi tuongee, wamekusamehe."

Wamenisamehe!

Nilimjibu kwa mstari mmoja: "Barafu ilitoka wapi?"

Alama mbili zikageuka bluu. Yuko hewani.

Anaandika...

Ameacha.

Anaandika...

Ameacha.