Pevingi Iliyokataa Kukauka

Newala maji hayachezewi. Maji ya kunawia uso ndiyo yanayooshea sufuria, na yakitoka hapo yanakwenda kunywesha mchicha. Kwa hiyo Shakila alipotoka kufagia baraza, fundi Basil akiwa amekabidhi jana yake tu kazi ya kutandika njia vitofali vya saruji, na kuona pevingi zimelowa mahali pamoja kati ya geti na nyumba, alitaka kwanza kujua nani kamwaga maji. Mvua zilishaaga. Bomba lilikuwa halijakohoa wiki nzima. Sehemu nyingine zote pevingi zilikuwa kavu, nyekundu kwa vumbi, ila pale tu, duara la kutosha kuwekea beseni.

Akainama kwa tabu, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, akapitisha kidole na kunusa. Maziwa. Maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo.

Hakuuliza tena nani kamwaga. Alikijua kilichokuwa chini ya pale, na katika nyumba ile alikijua peke yake.

Mumewe, Awadhi, alikuwa mnunuzi wa korosho, mtu mwema mwenye kelele nyingi. Majirani walidhani ameweka pevingi kwa maringo, kwa kuwa aliziona kwa tajiri mmoja wa Masasi akarudi akizihubiri kama amepata dini mpya. Majirani hawakujua kitu. Mwaka juzi Shakila aliposhikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, gari lilizama kwenye mchanga wa getini, mchanga ule mwekundu wa huku juu usiokuwa na mwisho. Awadhi alichimba kwa jembe, akachimba kwa mikono, akalia mbele za watu. Mtoto akazaliwa kwenye kiti cha nyuma, wa kiume, mzuri, na hakulia.

Tangu hapo Awadhi aliuchukia mchanga kama mtu anavyomchukia mwizi. Mimba ya pili ilipoonekana, akamleta Basil kutoka Nanganga na mashine yake ya kushindilia.

Sasa, katika ukoo wa kina Shakila, mtoto asiyelia hazikwi na wanaume. Wanawake humlaza ndani ya chungu, wakamfukia nyuma ya bafu maji ya kuogea yanapochuruzika, ili udongo usikauke na tumbo la mama lisikauke. Mwanamume haambiwi mahali. Akiambiwa, tumbo hufunga. Bi Sijaona, mkunga wa Chiungutwa, ndiye aliyemfukia, na Shakila akawa anamwaga kikombe cha maji pale kila siku kwa siri. Halafu Awadhi akajenga choo cha ndani, akalibomoa bafu la makuti, akahamishia geti upande ule.

Siku ya kupima njia, Shakila alijaribu.

"Kwani njia haiwezi kupita upande wa mkorosho?"

"Niukate mkorosho?" Awadhi alimtazama kama amesema wauze paa. "Mkorosho uliojenga nyumba hii?"

"Shemeji, njia ikipigwa kona, pevingi zinaachia," Basil naye akadakia. "Iende moja kwa moja. Dhamana juu yangu."

Angesema nini? Mmakonde gani amkatie mkorosho mke asiyetoa sababu? Akarudi ndani. Mashine ilipofika pale ilizimika mara mbili, Basil akailaani plagi, akaiwasha tena, ikapita. Shakila aliisikia ikitetema mpaka ndani ya tumbo lake.

Baada ya pevingi kulowa, zikaanza kudidimia. Basil akaitwa. Akazing'oa, akatoa tope, akajaza moramu, udongo wa changarawe, akashindilia, akazirudisha. Zikadidimia. Akaitwa tena, safari hii hana utani.

"Bosi, hapa kuna bomba la zamani limepasuka."

"Bomba la wapi? Hapa palikuwa na bafu la makuti."

"Basi mimi sijui. Moramu naijaza leo, kesho haipo. Inaliwa."

Watu wakacheka kwamba Awadhi kajichimbia kisima bila kibali. Shakila alicheka nao.

Sauti alianza kuisikia mchana, jua likiwa utosini, Awadhi yuko ghalani na bodaboda zimelala vivulini. Mara ya kwanza alidhani ni paka. Mara ya pili aliiacha mboga jikoni akatoka mpaka barazani, akasimama bila viatu kwenye saruji iliyochemka, akasikiliza kile kilio chembamba kinachopanda kutoka chini ya pevingi, kilio cha mtoto mchanga aliyeamka akakuta mama hayupo, kikikatika kuvuta pumzi na kuanza tena, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amepiga magoti pale penye unyevu, shavu kwenye saruji, akisema "nakuja, nakuja," huku maziwa yakimtoka mwenyewe, miezi haijatimia, yakilowesha gauni na kudondoka, na kila tone lililodondoka saruji ikalinywa, na kilio kikashuka kikawa sauti ya kunyonya.

Akatambaa kurudi ndani, akajifungia. Tumboni, mtoto aliyezoea kucheza saa zile alikuwa ametulia kimya.

Kesho yake Awadhi alipoondoka kwenda Masasi kwa shughuli za korosho, Shakila akampigia simu Bi Sijaona. Bibi akaja kwa bodaboda, kanga kiunoni, ubani kwenye pindo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wamemfunika?"

"Wamemfunika."

"Na wewe ukatazama."

"Ningesemaje, bibi? Mwanamume haambiwi!"

Wakachukua mtaimbo, wakainua pevingi moja baada ya nyingine, Shakila akihema. Chungu hakikuwa mbali. Kilikuwa kimejaa maji safi mpaka mdomoni, maji ambayo Newala nzima siku ile haikuwa nayo, na ndani ya maji hapakuwa na kitu. Hata mfupa wa kidole. Bi Sijaona alikitazama, kisha akashusha sauti mpaka Shakila akalazimika kusogea.

"Mwanao alishakwenda zake. Mtoto asiyelia hakai. Kinachohitajika ni pale alipopita pabaki wazi, pabaki na maji, apite salama. Ninyi mmeziba. Nyumba tupu yenye harufu ya maziwa haikosi mpangaji, Shakila. Huyu anayelia ni jini."

"Lakini ni sauti ya mtoto."

"Mwanao alilia?"

Shakila akatikisa kichwa.

"Basi huyu unamjua ni wa nani?"

Bibi akakimwaga chungu, akakivunja, akafukiza ubani, akanyunyiza unga, akasoma anayoyajua ya msikitini na anayoyajua ya nyumbani kwao. Upepo haukuwepo, lakini moshi ulilala chini ukaingia shimoni wote.

"Anatoka kidogo kidogo," Bi Sijaona alisema. "Anaona aibu ya kutoka mikono mitupu. Shimo lisizibwe mpaka ujifungue. Likizibwa hana pengine pa kutokea. Kuna mlango mmoja tu anaoujua, na mlango huo ni wewe."

Awadhi aliporudi akakuta shimo katikati ya njia yake. Shakila akamwambia pamefunguliwa papate kupunga hewa, bibi kashauri. Awadhi alikunja uso, akatazama tumbo la mkewe, hakubisha. Siku zilizofuata kilio hakikusikika, na mtoto akarudi kucheza tumboni. Shakila alianza hata kuimba jikoni.

Uchungu ulimjia alasiri, amelala chumbani tangu asubuhi kwa uchovu. Awadhi alimshika mkono, uso unameremeta.

"Safari hii hatuzami," alisema. "Twende. Utaona."

Walipotoka barazani, akaona. Njia ilikuwa sawa kutoka mlangoni mpaka getini, imefagiwa, haina tundu. Pembeni Basil alikuwa anakung'uta koleo lake, akitabasamu kwa fahari.

"Nimemwita asubuhi, ulipokuwa umelala, kashindilia kwa mkono usiamke," Awadhi alisema. "Nimwache mke wangu apitishwe juu ya shimo? Nimeweka zege chini, haitadidimia tena maisha."

Shakila akapiga ukelele. Awadhi akadhani ni uchungu, akambeba.

Ndani ya gari, maneno yalimjaa mdomoni. Akiambiwa, tumbo hufunga. Na ni saa gani mbaya kuliko hii ya kufunga tumbo? Asipoambiwa, pamezibwa. Aliuma pindo la kanga mpaka akahisi ladha ya rangi, huku gari likiteleza laini juu ya pevingi, na lilipopita pale kitu baridi kikampanda kutoka nyayoni, magotini, mapajani, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba asiyoijua, na akabana miguu, akabana kwa nguvu zake zote, dhidi ya kinachoingia na dhidi ya anayetoka.

Jirani yao, Mama Julia, aliachiwa nyumba na ufunguo wa geti.

Mtoto alizaliwa kabla ya magharibi. Wa kike, mwili mwekundu, anapumua, macho wazi. Alifungua mdomo akalia kwa nguvu, ngumi zimekunjwa, uso umejikunja, na sauti haikutoka. Nesi akamgeuza, akamnyonya makamasi kwa mpira, akampiga nyayo. Mdomo ulifunguka tena, mpana. Kimya.

Simu ya Shakila ikaita kwenye mkoba. Mama Julia.

"Hongera mwenzangu! Mmerudi lini? Nipo getini nagonga, mtoto analia humu jamani, analia sana, hamsikii?"

Na Shakila alisikia. Nyuma ya maneno ya jirani, kwenye simu, kilio kilikuwa kikikatika kuvuta pumzi kila mtoto aliye mbele yake alipovuta pumzi, na kuanza kila alipofungua mdomo.

Mficha uchi hazai. Aliyazungusha maneno hayo kichwani kidogo tu, halafu akampigia mumewe aliyekuwa benchi la nje.

"Awadhi. Mtoto wetu wa kwanza alizikwa pale. Chini ya pevingi. Mwambie Basil avunje, avunje sasa hivi."

Akasikia pumzi ya mumewe. Alingoja akasirike.

"Pale?" Awadhi alisema, sauti imekwisha. "Nimepitisha gari juu yake? Shakila, kwa nini hukuniambia? Ningeukata mkorosho. Ningeikata mikorosho yote."

Basil hakuwa amefika mbali; akarudi, Mama Julia akamfungulia geti. Shakila alimpigia tena Mama Julia na, amelala ubavu, akasikia mtaimbo ukigonga zege, mara moja na mara nyingine tena, kilio kikipanda, kikikaribia, kikiwa wazi kuliko kilivyopata kuwa, mpaka zege likapasuka kwa mlio mmoja mkavu, na kilio kikakatika.

"Hamna kitu," Basil alisikika kwa mbali. "Mama, hamna kitu. Pakavu kabisa."

Hapo ndipo mtoto alipolia wodini. Sauti ilijaa chumba kizima. Nesi akacheka, akapiga makofi, akamshukuru Mungu. Nje Awadhi alisikika akipiga kelele kwa furaha kama mwehu.

"Mwacheni alie, mwacheni alie!" nesi alisema akimlaza kifuani kwa mama yake. "Haya, sasa tukuite mama nani?"

Shakila alimsogezea mtoto sikio. Alikuwa anasikiliza. Kilio kile alikijua, kila mkato wake. Ndicho alichokisikia shavu lake likiwa kwenye saruji. Maziwa yakaanza kumtoka bila kuitwa, na harufu iliyopanda ilikuwa ya maziwa yaliyochacha.

Mtoto akanyamaza, akageuza uso akitafuta, akamtazama. Mikono yake midogo ilikuwa baridi, na ina unyevu.

Shakila alitazama mlango, akatazama mtoto. Kisha akafungua kifungo cha gauni, akamnyonyesha.