Mteule Akipokea Simu

Enyi wasomaji, vueni kofia! Nasimulia habari za shujaa mteule, aliyezaliwa ili kuliokoa taifa lake na joka la moto. Siku hiyo shujaa alivaa gauni la kijani lililopauka mabegani, viatu vikimbana, na alikuwa kwenye foleni ya benki.

Msishangae. Dada huyu kazi yake ilikuwa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu, na kwa kuwa sauti yake ilikataa kukua, kila mvulana wa filamuni alikuwa yeye. Kaka aliyetoa sauti ya joka alirekodiwa siku tofauti. Wawili hao walisikiana kwenye vifaa vya masikioni tu, hawakuwahi kuonana. Akitoka studio, alirudi kwenye chumba chenye kikombe kimoja, na hakuna hata wa kumngurumia.

Basi pale benki akasikia nyuma yake: "Samahani dada, foleni inaishia hapa?"

Vinyweleo vikamsimama. "Joka?"

Aligeuka akaona macho ya upole na shati lililopigwa pasi mbele tu.

"Umenijuaje?"

"Nafanya kazi studio."

"Ahaa! Yule mtoto anayecheza mteule ni wa nani? Ana kipaji, mtukutu yule!"

Dada akameza kicheko. "Nitamfikishia salamu."

Kuanzia hapo simu hazikupoa.

"Umekula, Joka wangu?"

"Nimemeza kijiji kizima, mpenzi, lakini njaa ya kukuona iko palepale."

Jumapili moja simu ikaita. Dada akaona leo ndiyo leo, amchekeshe mpaka alie. Akapokea kwa sauti ya mteule: "Shikamoo, Joka! Mama anapika, baba anakula."

"Marahaba, mwanangu," Joka akasema taratibu. "Usimsumbue mama."

Simu ikakatwa. Dada alicheka peke yake, akingoja apigiwe tena, mpaka chai ikapoa. Alipopiga yeye, alikuta namba yake imefungiwa. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Siku ya filamu kuonyeshwa, ukumbi ulijaa baba, mama na watoto waliogombania bisi. Dada alikaa pembeni, pochi yake ikiwa imekalia kiti cha pili kama mgeni wake. Taa zilipozimwa, mtu akainama kando yake, mkononi ana joka la kitambaa.

"Mwanao yuko wapi? Nimpe hili niondoke. Sivunji nyumba ya mtu."

"Nyumba gani? Mimi nina kikombe kimoja!"

Kwenye skrini mvulana akainua ngao. Dada naye akafungua mdomo, na sauti ikatoka pande mbili kwa pamoja: "Mimi ndiye mteule!"

Joka akatazama skrini. Akamtazama dada. Akaondoa pochi, akakaa.

"Na yule baba aliyekuwa anakula?"

"Hakuna baba. Hata chakula hakikuwepo." Sauti yake, ya kwake hasa, ilikatika. "Nilitaka ucheke tu."

Joka akamwekea lile joka mapajani, akanong'ona, "Kesho tukanunue kikombe cha pili. Nikinywee kwako mpaka uzeeni."

Mnauliza nimejuaje mnong'ono wa gizani? Hata Joka aliuliza. Aligeuka ghafla, akanikuta shingo nimeitoa kama kobe, akanguruma: "Wewe huko nyuma! Filamu iko mbele!"

Nakiri, sikuitazama. Mkitaka kujua kama mteule alilishinda joka, waulizeni wengine. Mimi nililoliona lilisalimu amri lenyewe.