Tope Ndani ya Tanki

Enzi zile, lori la pua ndefu la kaka na dada lilipokuwa bado likipendwa kama mtoto wa nyumbani, ndipo lilipowazimikia katikati ya jangwa. Lilikohoa mara tatu, likanyamaza. Dereva akaupiga usukani kofi.

"Nilikwambia, mdogo wangu! Mafuta ya kukaangia kazi yake jikoni."

Fundi, dada yake, alishuka akafunua boneti. Biodizeli ile aliipika mwenyewe karakanani kwa mafuta chakavu ya migahawa. Nguvu yake ilipitwa kidogo tu na ya dizeli, ila injini ilinguruma kwa upole, bila ule moshi mweusi wa kuwakimbiza kuku. Alifungua chujio. Tope tupu.

"Si mafuta, kaka. Ni tanki."

Biodizeli ina tabia ya kusafisha. Ilikuwa imebandua uchafu wa dizeli wa miaka ishirini na kuusukumia kwenye chujio. Mafuta aliyapima mara kumi. Tanki hakulichungulia hata mara moja. Akafunga chujio la akiba. Kilomita tatu, nalo likaziba.

"Maji?"

"Lita mbili," dereva alisema, midomo imepasuka. "Kisima kilomita arobaini. Kwa miguu tutakauka njiani."

Jua lilichoma bodi hadi haishikiki. Fundi alisuuza chujio, akafunga dumu moja kati ya mawili ya biodizeli safi waliyobeba juu ya kichwa cha lori, akateremsha mpira wa mafuta moja kwa moja hadi kwenye pampu, tanki likarukwa. Kiganja kilichanika kwenye bati. Akakifunga kwa kitambaa, akaendelea kutoa hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta.

"Piga!"

Lori likaguna, likawaka. Dereva alicheka kama alivyokuwa akicheka utotoni, machozi yakimtoka.

Walifika kisimani jioni, wamelamba tone la mwisho la maji. Watu na mifugo walikuwa wamekaa wakiizunguka mashine ya kuvuta maji: dizeli ilikwisha tangu juzi, na kisima ni kirefu, maji yake hayafikiwi kwa kamba.

Fundi aliitazama mashine ile kuukuu, akasita.

Dereva hakusita. Alipanda kwenye lori, akafungua kamba ya dumu lililobaki, akalishusha kwa bega.

"Haya tumieni," aliwaambia, sauti imekauka. "Kayapika dada yangu. Ila kwanza leteni matambara. Tunaosha tanki la mashine."