Upinde Unaosamehe

Jioni ile nilitoka nyuma ya karakana kuanua mishale niliyokuwa nimeianika gundi ikauke. Niliporudi ndani, nikakuta mzee amekaa kwenye kiti cha mume wangu.

Mlango wa mbele nilikuwa nimeufunga kwa komeo.

"Nimepiga hodi, mwanangu," alinong'ona. "Hukusikia."

Mimi si mwoga. Mwanamke anayetengeneza pinde, tena aliyeolewa na mwindaji mbishi kama wangu, atapata wapi nafasi ya kuogopa wazee? Nikamwamkia. Hakuitikia. Alinisogezea upinde uliofungwa kwenye gunia, mikono ikimtetemeka.

"Mkono haushiki tena. Nataka upinde unaosamehe."

Wateja wengi huomba hivyo. Maana yake, hata mkono ukitikisika kidogo, mshale usiende kombo. Hakuna uchawi hapo. Mshale unauongezea uzito kwenye ncha, unaubandika manyoya marefu ya kuunyoosha njiani. Kamba ya upinde unaifupisha ikae mbali na mpini, ili mshale uachane nayo mapema, kabla mkono haujauharibu. Halafu kuna kipimo. Mshale hukatwa kwa urefu wa mkono wa anayeuvuta.

"Nyoosha mkono, baba, nikupime."

Akaurudisha kifuani haraka.

"Mimi sipimwi. Tumia ule." Alinyoosha kidevu kuelekea ufito wenye alama, uliotundikwa ukutani. "Tunalingana."

Ufito ule ulikuwa kipimo cha mume wangu. Sisi wa kazi hii huweka kipimo cha mtu wa nyumbani, na mteja akiwa mgumu ndicho tunachokimbilia. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini nilitaka aondoke. Karakana ilikuwa imeanza kunuka manyoya yaliyoungua... na jiko langu lilikuwa baridi.

Nikaifupisha kamba ya upinde wake, nikachukua mshale wa ncha nzito na manyoya marefu, nikaukata kwa kipimo cha mume wangu.

Nikatundika karatasi mbele ya ubao, ajaribu. Mshale ukienda sawa huacha tundu safi, ukiyumba huichana. Mzee akavuta. Mikono ikatikisika. Akafumba macho, kisha akageuzia uso ukuta wa upande mwingine, na upinde nao ukageuka naye.

Fyuuu!

Karatasi ilikuwa na tundu katikati. Safi kabisa.

"Kazi nzuri," akanong'ona. "Bwana wako anarudi kwa njia gani?"

Nilielewa hapo hapo. Mshale ule haukuwa ukiufuata mkono wa mzee. Ulikuwa na kipimo cha mtu, na mtu mwenyewe alikuwa porini, peke yake, anarudi nyumbani.

"Ngoja niunyooshe kidogo," nikasema. Nikauchomoa ubaoni, nikampa mgongo. Kwa kisu nikaukwangua unyoya mmoja wote, na ncha nikaipindisha. Mshale wa namna ile haumpigi hata ng'ombe aliyelala.

Aliupokea, akapapasa palepale nilipokwangua. Akatabasamu. Akatoka, na sikusikia nyayo.

Nilikimbia njia ya porini huku nikimwita mume wangu mpaka sauti ikanikauka. Nikamkuta kwenye kona, mzima, na sungura begani.

"Vipi, mama, nyumba inaungua?"

Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

"Leo nimekoswakoswa," akasema akicheka. "Kibabu kimoja kimenilenga, kinatetemeka hicho! Mshale ukapita juu ya kichwa, ukaenda zake. Nikamwambia, mzee, wewe hata tembo ungemkosa."

"Ukaangukia wapi?"

Kicheko kikakatika.

"Hilo ndilo linalonishangaza," alisema polepole. "Sikuusikia kuanguka."

Tangu siku hiyo, kila jioni nausikia. Fyuuu... mwembamba, juu kwa juu. Mwanzoni ulikuwa mbali, ng'ambo ya pori. Baadaye ukawa nyuma ya nyumba za mwisho. Nimemweleza mume wangu kila kitu. Ananiambia ni upepo, niache mambo yangu, ila siku hizi dirishani hakai. Ufito nimeuchoma moto. Haukusaidia kitu.

Jana ulizungukia juu ya paa la jirani.

Mimi ni fundi, kazi yangu naijua. Nilivitengeneza, upinde na mshale wake, visamehe makosa. Na nilichofanya kwa kisu kilikuwa kosa tu, kama kosa lingine lolote. Mshale unajinyoosha taratibu. Hauna haraka.

Sasa hivi jua limezama. Mbwa wa jirani wamenyamaza wote kwa pamoja. Mume wangu ameinama kizingitini anafungua viatu, ananiita nikamsaidie, kamba imefanya fundo.

Namwambia aingie ndani na viatu vyake. Ananicheka.

Mlango bado uko wazi.