Kifua cha Mzee Isidro

Siku ya nne sasa Amihan hakutulia. Mara achungulie tangawizi jikoni, mara arudi chumbani kumtazama baba mkwe wake. Mvua ilikuwa imelipiga jiji la Iloilo, Ufilipino, tangu asubuhi.

Mzee Isidro alikuwa amejifunika shuka, anajifukiza. Kikohozi kilimtikisa, bakuli la maji ya moto nusura limwagike.

"Baba, twende zahanati."

"Kwa mafua? Nimevuka vimbunga mimi! Nikamulie ndimu nyingine."

Amihan alikamua, akimtazama mzee kifuani. Mbona pumzi zinakwenda mbio, na mtu amekaa tu?

Hakungoja. Alikimbia mvuani hadi kwa jirani yake Perla, mhudumu wa afya wa mtaa. Perla alikuja akiwa na viatu mkononi. Alimfunua mzee, akahesabu pumzi zake. Uso ukambadilika.

"Mjomba, midomo imekuwa ya bluu. Haya si ya kujifukiza tena."

"Kwa hiyo nimehangaika bure?" Amihan aliuliza, machozi yakimlenga.

"Si bure, dada. Tangawizi na ndimu vinalainisha koo. Mgonjwa anywe, apumzike. Bakuli hilo liache, litamuunguza. Lakini ndimu haiui virusi. Ukiona mtu anapumua mbio, midomo inageuka rangi, au anachanganyikiwa, mwahishe hospitali!"

Walimpakia kwenye bajaji. Mzee alilazwa siku sita, akipumulia oksijeni. Amihan alizunguka huku na huko kwenye ukumbi wa hospitali.

Mzee alirudi amekonda kama ufito. Perla alikuja kumjulia hali.

"Mjomba, mwaka jana uliikimbia chanjo ya mafua."

"Nilisikia inaleta ugonjwa."

"Mkono utauma siku moja mbili, pengine na homa kidogo. Lakini chanjo haikupi mafua. Inaufundisha mwili kupigana. Unaweza kuugua bado, ila si rahisi uzidiwe. Na unachanjwa kila mwaka, maana virusi hubadilika."

Mzee alikuna kichwa. Alipopata nguvu alikwenda kuchanjwa, na Amihan naye.

Msimu uliofuata mafua yalizunguka mtaa mzima. Mzee alipiga chafya siku tatu, akainuka. Rafiki yake Kadyo, aliyekataa chanjo, alikohoa wiki mbili. Kadyo alipopona, Mzee Isidro alimfuata mlangoni kwake.

"Vaa viatu, Kadyo. Tunakwenda zahanati."

"Sindano naiogopa, bwana."

"Mimi nitakushika mkono. Twende!"